Pima sufuria kwanza

(Mazungumzo ya wiki, kama yalivyosomwa redioni)

Leo nataka tuzungumze juu ya hesabu. Tafadhali usizime redio. Najua wako wengi miongoni mwetu ambao wakisikia neno hesabu hukumbuka fimbo ya mwalimu na ubao uliojaa tarakimu. Lakini hesabu ninayotaka kuizungumzia inaanzia jikoni kwa mama mmoja wa Nyamiaga, wilayani Ngara, mkoani Kagera, na inaishia mfukoni mwa kila mtu anayenunua mkaa, kuni au gesi hapa mjini.

Nilikuwa mgeni wa familia moja huko Nyamiaga. Asubuhi nilikwenda jikoni kumwamkia mama mwenye nyumba. Nilimkuta amepiga magoti anapuliza moto kwenye mafiga, macho yamemwiva kwa moshi, na maharage ya mchana yameshatelekwa. Pembeni palikuwa na jiko la chuma lililopakwa rangi, lenye mkingo wa bati unaozunguka mahali pa kuweka sufuria ili joto lisitoroke. Ndani ya jiko lile alikuwa amelala kuku, anaatamia mayai yake.

Nikamwuliza, "Mama, mbona jiko zuri namna hii limekuwa kiota?"

Akacheka. "Mwanangu, ngoja nikuonyeshe."

Akamtoa kuku, akaleta sufuria zake tatu. Ya kwanza, kubwa, ndiyo ya maharage na ndizi za watu kumi. Haikuingia ndani ya mkingo. Ilikaa juu yake kama kofia iliyokataa kichwa. Ya pili, ndogo ya mboga na chai, iliingia ikabaki inacheza, vidole viwili vikapita kila upande. Ya tatu, ya kati, ilikaa sawasawa. "Hii moja ndiyo waliyoifikiria," akasema. "Na hii mimi nachemshia maji ya kuoga tu. Walikuja na vipimo vya jiko lao. Sufuria zangu hakuna aliyezitazama."

Ndugu msikilizaji, maneno yale sikuyasahau. Mama yule alikuwa ameeleza kwa sentensi chache tatizo linaloumiza vichwa vya wataalamu wa hesabu katika vyuo vikubwa vya dunia: namna ya kukokotoa mwendo wa joto pale ambapo umbo la kitu linabadilika.

Kabla ya kwenda mbali, tujiulize kwa nini jambo hili ni zito. Ngara inajua thamani ya kuni kuliko wilaya nyingi. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu waliokimbia kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo kwa wingi ambao haukuwa umeonekana kabla ya hapo. Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilihesabu karibu watu robo milioni katika muda wa saa 24. Kambi ya Benaco ikageuka kuwa mji kwa siku chache. Kila familia ilipewa chakula, na chakula kile kilihitaji moto. Katika miaka ile, mpaka Wanyarwanda waliporejea kwao Desemba 1996, zaidi ya tani 1,200 za kuni zilikuwa zikiteketea kila siku katika kambi za Kagera. Vilima vilivyokuwa na miti vikabaki na visiki, na wanawake, wenyeji na wakimbizi, wakawa wanatembea mwendo mrefu zaidi kila mwezi kutafuta mzigo ule ule wa kuni.

Kwa hiyo jiko linapogeuka kiota cha kuku tusilicheke. Linapokaa bure, kuna mtu anayebeba kichwani kuni ambazo lingeweza kuziokoa.

Sasa turudi kwenye zile sufuria tatu. Shuleni tulifundishwa kwamba joto husafiri kwa njia tatu: mpitisho, msafara na mnururisho. Jikoni zote tatu zinafanya kazi pamoja. Makaa yanamulika kitako cha sufuria. Hewa ya moto inapanda na kulamba ubavu wake. Na chuma chenyewe kinapitisha joto hadi kwenye maji. Katika mafiga, sehemu kubwa ya ile hewa ya moto inakwenda zake bila kuigusa sufuria. Kazi ya mkingo ni kuilazimisha ipite karibu na ubavu.

Lakini karibu kiasi gani? Hapo ndipo penye siri. Pengo kati ya mkingo na sufuria likiwa pana, hewa ya moto hupita katikati ya pengo na kwenda juu na joto lake. Likiwa jembamba mno, moshi hukosa njia, moto hukabwa, na moshi humrudia mpishi usoni. Mwaka 1987 Samuel Baldwin wa Marekani alitoa kitabu kuhusu usanifu wa majiko ya kuni, na mojawapo ya mambo aliyoyaonyesha ni kwamba tofauti ya milimita chache tu katika pengo hilo huweza kupunguza sana joto linaloingia katika sufuria. Milimita chache, ndugu msikilizaji, wakati mama wa Nyamiaga alikuwa na pengo la vidole viwili!

Basi mtu atauliza: kama siri inajulikana, kwa nini wahandisi wasikokotoe pengo linalofaa kwa kila sufuria? Swali ni zuri, na jibu lake ni kwamba hesabu yenyewe ni ghali.

Kanuni ya mwendo wa joto katika vitu tunayo tangu mwaka 1822, alipoichapisha Mfaransa Joseph Fourier. Ila kanuni ile haitoi jibu la moja kwa moja kwa kitu chenye umbo la sufuria, chenye mikunjo na kingo. Kinachofanyika ni kukata kitu kizima, yaani sufuria, mkingo na hewa iliyo katikati, kuwa vipande vidogo vidogo ndani ya kompyuta. Kila kipande kinaulizwa: wewe una joto gani, unampa jirani yako kiasi gani, na hewa inakupitia kwa kasi gani? Vipande vinaweza kufika laki moja au zaidi, na kila kimoja kinamtegemea mwenzake, kwa hiyo maswali yote laki moja hujibiwa kwa pamoja. Kisha saa inasogezwa mbele kidogo, na yote yanajibiwa upya.

Tuseme hesabu moja ya namna hiyo inachukua usiku mzima. Kwa sufuria moja, si kitu. Lakini chukua sufuria za upana wa aina tano, kina cha aina nne, mapengo ya aina tano na moto wa aina tatu. Zidisha: utapata hesabu 300. Ni usiku 300, yaani karibu miezi kumi, kompyuta inaunguruma kwa ajili ya jiko moja. Na ubaya zaidi ni huu: ukibadilisha upana wa sufuria, vile vipande ulivyokata havifai tena mahali pale. Inabidi ukate upya. Hapo mhandisi anachoka, anachagua sufuria moja ya kati, anatengeneza jiko lake na kulipeleka kijijini. Kuku anapata nyumba.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo utaalamu wenyewe unapoingia. Nenda kwa fundi cherehani yeyote, Kariakoo au Ngara. Mwili wa binadamu una sehemu zisizo na idadi, na hakuna miili miwili iliyo sawa. Je, fundi hukupima kila inchi ya ngozi? La. Anachukua futi kamba, anapima shingo, bega, kifua, kiuno, mkono na urefu. Namba sita au saba. Anaziandika kwenye daftari, anakwambia rudi Jumamosi, na Jumamosi shati linakukaa. Amewezaje? Kwa sababu ameshashona mashati mengi. Katika mashati yale amejifunza kwamba miili, pamoja na tofauti zake zote, hutofautiana kwa njia chache. Anayo karatasi ya kukatia, na mwili wako anaupata kwa kuivuta karatasi ile hapa na kuibana pale.

Hivyo ndivyo wanahisabati wanavyofanya siku hizi na joto. Hawafanyi hesabu zote 300 za usiku mzima. Wanachagua kwa uangalifu chache, tuseme 30, wanazifanya kwa ukamilifu na kuyahifadhi majibu yake kama picha. Wakizipanga picha zile pamoja wanakuta zinafanana kwa mengi, na kwamba picha ya sufuria yoyote iliyo kati yake inaweza kupatikana kwa kuchanganya michoro ya msingi michache, labda kumi, kila mmoja kwa kiasi chake. Kwa hiyo badala ya kutafuta namba laki moja, kompyuta inatafuta namba kumi. Kazi nzito inafanywa mara moja, mwanzoni. Baada ya hapo jibu la sufuria mpya linapatikana kwa kufumba na kufumbua, hata kwenye kompyuta ndogo ya mezani kwa fundi. Hiyo ndiyo wanayoiita modeli iliyopunguzwa. Njia ya kuzitumia hizo picha ilielezwa na Mmarekani Lawrence Sirovich mwaka 1987, mwaka ule ule wa kitabu cha Baldwin cha majiko.

Na umbo linalobadilika, je? Hapo wanafuata ile karatasi ya fundi. Wanachora sufuria moja ya mfano. Kila sufuria nyingine wanaifikiria kuwa ni ile ile ya mfano iliyovutwa kama mpira: mdomo unakwenda kwenye mdomo, kitako kwenye kitako, pengo kwenye pengo. Kwa njia hiyo vipande havikatwi upya. Sufuria nene na sufuria nyembamba zinaweza kulinganishwa nukta kwa nukta, na picha zake zikachanganywa bila kugongana. Katika miaka ya 2000 mwanzoni, akina Anthony Patera wa Marekani na Yvon Maday wa Ufaransa, pamoja na wenzao, waliongeza jambo muhimu: hesabu hii fupi itoe jibu pamoja na kipimo cha kosa lake dhidi ya ile hesabu ndefu, ili anayelitumia ajue ni la kuaminiwa kwa kiasi gani. Moja ya mifano yao ya mwanzo ilikuwa pezi la chuma la kupoozea, kitu cha joto chenye vipimo vinavyobadilika, kama jiko letu.

Ndugu msikilizaji, elimu hii inapendeza. Lakini sisi wa Afrika ya Mashariki tunapaswa kuitazama kwa macho mawili, kwa sababu ina sharti lake. Fundi aliyejifunza kwa kushona mashati ya watu wazima tu, mpelekee kitoto kichanga, atakupa shati la kuchekesha. Modeli iliyopunguzwa ni hivyo hivyo. Inajua yale iliyoonyeshwa. Kama picha zake 30 zilitokana na sufuria zenye kitako bapa za dukani, ukiiuliza juu ya chungu chenye kitako cha mviringo itakujibu, tena haraka na bila haya, na jibu lake litakuwa la uongo. Kwa chungu, ile sufuria ya mfano haivutiki ikafika. Lazima urudi kwenye kazi nzito na kupiga picha nyingine. Na pale kwenye pengo, ambapo milimita mbili zinabadilisha mambo, picha lazima ziwe nyingi na za karibukaribu, la sivyo hesabu itaruka juu ya siri yenyewe.

Kuna na jambo la pili ambalo mtu aliyekaa pwani hulisahau. Dar es Salaam maji huchemka kwenye nyuzi 100 za sentigredi. Ngara ni nchi ya milima. Mahali palipo mita 1,500 juu ya usawa wa bahari maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Nyuzi tano hizo ni chache kwa chai, lakini ni nyingi kwa maharage, ambayo hukaa jikoni muda mrefu zaidi kabla ya kuiva. Jiko lililopimwa pwani kwa chai halijapimwa kwa maharage ya Nyamiaga.

Basi jambo ninalotaka tukubaliane leo ni hili. Kompyuta imeupunguza mzigo wa hesabu, lakini haikuupunguza mzigo wa kwenda kutazama. Tena imeuongeza umuhimu wake. Zamani mhandisi angeweza kusema, "Siwezi kuhudumia sufuria zote, hesabu ni nyingi mno." Udhuru huo sasa umekwisha. Anaweza kuhudumia sufuria zote, kwa sharti kwamba mtu amekwenda kuzipima.

Na kupima kwenyewe ni kazi ya nani? Si lazima awe profesa. Ni kazi ya kijana aliyemaliza kidato cha nne, mwenye rula, uzi na daftari. Aingie kaya hamsini kwa adabu, aamkie, aombe ruhusa ya mwenye jiko. Kwa kila sufuria aandike upana wa mdomo, upana wa kitako, kina, na kama kitako ni bapa au mviringo. Aandike inapika nini, kwa watu wangapi, mara ngapi kwa juma. Kazi hiyo inakwisha kwa siku chache. Daftari lile likifika kwa wataalamu wetu, iwe Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au CAMARTEC kule Arusha, lina thamani kuliko kompyuta waliyonayo, kwa kuwa kompyuta hununuliwa popote, lakini vipimo vya sufuria za Nyamiaga vinapatikana Nyamiaga tu.

Mfano wa kufanikiwa tunao hapa jirani. Lile jiko la mkaa lenye udongo ndani na bati nje, ambalo wengi wetu tunalitumia, lina asili ya jiko la ndoo la Thailand. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wabunifu na mafundi wa Kenya hawakulichukua jinsi lilivyo. Walibadilisha umbo lake, wakalibana kiuno, wakalifanya liweze kutengenezwa na fundi wa jua kali kwa nyundo na mkasi wa bati. Ndiyo maana likakubalika Nairobi na baadaye likavuka mpaka. Wale walikuwa na mikono na masikio, hawakuwa na modeli iliyopunguzwa. Sisi leo tunaweza kuwa na vyote.

Najua kuna atakayeniambia, "Mzee, mambo ya kuni yamepitwa na wakati. Serikali imesema tuhamie kwenye nishati safi." Ni kweli. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Naunga mkono kwa mikono miwili. Moshi umewaua mama zetu vya kutosha. Lakini joto halibadilishi tabia kwa kuwa limetoka kwenye mtungi. Leo jioni, wewe wa Magomeni au Kinondoni, weka sufuria ndogo ya chai kwenye jiko lako la gesi, fungua moto mpaka mwisho, kisha utazame. Utaona ndimi za moto zinapita pembeni mwa sufuria na kupanda juu, zinapasha hewa. Ile ni gesi uliyoilipia. Kasoro ya mama wa Nyamiaga imekufuata mjini: jiko la kipimo kimoja, sufuria za vipimo vingi. Na kama tutasambaza majiko ya gesi na ya umeme bila kuuliza sufuria za watu, mama yule atapewa jiko la pili, na kuku atapata chumba cha pili.

Namalizia kwa ushauri mfupi. Kwa wenye miradi: kabla ya kuagiza jiko la kwanza, leteni daftari la sufuria. Kwa wataalamu wetu: jifunzeni hizi hesabu mpya, zinawezekana hata kwa kompyuta za kawaida, lakini msiamini jibu lake mpaka mmepika nalo. Chemsheni maji, pikeni maharage, pimeni kuni kwa mizani kabla na baada. Na kwa sisi wanunuzi wa mjini: unapokwenda kununua jiko, beba sufuria yako unayoitumia zaidi. Muuzaji akikucheka, mwache acheke. Fundi cherehani hakushonei shati kwa kusikia jina lako.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Wataalamu wamekuja Nyamiaga mara nyingi wakiwa wageni. Safari ijayo waingie kwanza jikoni, waketi kwenye kigoda, na watoe uzi wa kupimia.